Chumvi Vidole Viwili

Nimeuza maziwa miaka thelathini, kwa hiyo kile kipimio cha kioo cha kuyapimia nakijua kuliko ninavyowajua wakwe zangu. Maji ndiyo mizani yake: chombo kilekile kikijaa maziwa huwa kizito kidogo kuliko kikijaa maji. Kwenye maziwa halisi kipimio huelea juu; yakichanganywa na maji hudidimia, na mpokeaji wa maziwa hukurudishia ndoo yako mbele za watu. Ila ukitia sukari kidogo, hupanda tena. Msiniulize nimejuaje.

Basi mume wangu akalazwa, miguu imevimba. Nesi akaja na kipimio kama kile, akakitumbukiza kwenye mkojo wake. Kikadidimia.

"Mwepesi kama maji, bibi," akasema. "Figo zimechoka, hazitoi uchafu. Ukibaki hivi, babu haondoki."

Alipotoka, mzee akaninong'oneza, "Nirudishe nyumbani. Nimechoka kulala na wanaume wanaokoroma."

"Na wewe unakoroma."

"Mimi nakoroma kwangu!"

Asubuhi iliyofuata, nesi akiwa ametupa mgongo anaongea na simu, nikatia chumvi ya vidole viwili kwenye kile kikombe cha mkojo, nikakoroga kwa mpini wa kijiko. Kipimio kikapanda. Nesi akafurahi kama kajifungua yeye. Mchana daktari akaturuhusu.

Nyumbani mzee alikula viazi viwili, akamwita jirani amwone mtu aliyepona. Siku ya tatu alianza kuziba paa la banda la ng'ombe. Siku ya nne uso ulimvimba, macho yakabaki mistari miwili.

"Turudi hospitali," nikamwambia.

"Ya nini? Si walisema mkojo wangu mzuri?"

Nikamweleza habari ya chumvi. Alicheka, jamani, alicheka mpaka pumzi ikamkata. Kisha akajifuta macho.

"Kumbe sikupona," akasema.

"Hukupona, baba."

"Na mimi nimeshamtangazia jirani."

Tulikodi gari. Alikata roho njiani, kichwa chake mapajani mwangu.

Nesi alitupokea mlangoni. "Imekuwaje, bibi? Mbona mkojo ulikuwa umeanza kuwa mzito?"

Nikamwambia yote, hata ile sukari ya maziwa. Nilingoja anigombeze. Akanishika mkono, akaniuliza kama nimekunywa chai.