Kadi ya Ardith

Ilikuwa Desemba, siku ya mwisho kabla ya kufungwa muda wa kubadili mipango ya dawa. Verlin na Ardith Huisma waliingia maktabani na theluji mabegani, mume mbele, mke nyuma akisimama kila baada ya rafu mbili ili apate pumzi. Mwisho wa kila mwaka mimi hukaa hapo dirishani na kompyuta ya maktaba, nikiwasaidia wazee wenzangu kulinganisha mipango ya dawa ya Medicare, bima ya serikali ya matibabu ya wazee. Nilifundisha kemia katika mji huu hadi nilipostaafu. Kazi hii ya kujitolea ina kanuni moja: naonyesha, sichagui.

"Tumekuja kuhakikisha tu," Verlin alisema huku akivuta kiti. "Mpango tunao. Duane alituandikisha. Ila huyu mama hatulii."

Ardith aliketi, akasubiri kifua kitulie, kisha akasema, "Nitulie vipi? Mfamasia kaniambia mwakani mpango wetu haulipii tena inhela yangu, ile dawa ya kuvuta."

Duane Pruitt ni wakala wa bima. Kila msimu huwakusanya watu katika ukumbi wa zimamoto kwa kahawa na donati, akawaandikisha katika mpango wenye ada ndogo ya mwezi kuliko yote. Hadanganyi. Ada ni ndogo kweli. Asichokitaja ni kwamba ada ni sehemu tu ya gharama. Sehemu nyingine hulipwa dukani, dawa kwa dawa, na dawa isiyokuwemo katika orodha ya mpango mgonjwa huilipia yote mwenyewe.

Nilifungua tovuti ya serikali, nikaandika eneo letu, duka lao la dawa, na dawa za Ardith moja moja: jina, nguvu yake, kiasi anachotumia kwa mwezi.

"Sasa weka na zangu," Verlin alisema.

"Zako tutaziweka baadaye, peke yake."

"Peke yake kwa nini? Sisi ni mke na mume. Ziandike hapo chini ya zake."

"Hakuna pa kuziandika."

"Basi hiyo tovuti yenu mbovu."

Nusu ya mji huu hufanya kosa hilo. Verlin aliunda mashine za kuvunia mahindi maisha yake yote ya kazi, na kiwandani bima ilikuwa moja, kwa jina la mume, mke akiwa ndani yake. Watu hustaafu na mazoea hayo. Huingia Medicare wawili wawili, kama wanavyopanda gari, mume akiwa kwenye usukani. Lakini Medicare haijui ndoa. Kila mtu ana kadi yake, na kila mtu anaweza kuwa na mpango wake. Nilimweleza hivyo.

"Duane hakusema," alinijibu.

"Ulimuuliza?"

Nilipanga matokeo kwa jumla ya gharama za mwaka, ada na dawa pamoja, ya chini ikae juu. Ardith alisogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Wetu uko wapi?"

"Shuka."

Akashuka. "Mbona siuoni?"

"Shuka tena."

Aliukuta karibu na mwisho. Kando ya inhela yake paliandikwa kwamba haimo katika orodha. Mpango uliokuwa juu kabisa ulitaka ada mara tatu ya ule wa Duane, ila inhela ilikuwemo, na jumla ya mwaka haikufika hata robo ya huo wa Duane.

"Ada mara tatu!" Verlin alicheka. "Ndiyo hesabu ya wasomi hiyo. Wewe ndiye uliyemfelisha mwanangu kemia."

"Alijifelisha. Soma safu ya jumla, Verlin, siyo ya ada."

Badala ya kusoma alitoa simu, akampigia Duane, akaiweka mezani ili sote tusikie.

"Ardith, mpenzi!" sauti ya Duane ilitoka kwa uchangamfu. "Nasikia wanakusumbua na kompyuta."

"Swali moja tu, Duane. Mwakani inhela yangu imo?"

"Unajua, mpango wenu una nyota nne za ubora, na ada yake..."

"Imo au haimo?"

"Daktari anaweza kukuandikia nyingine, karibu sawa na hiyo."

"Hiyo nyingine nilishapewa. Nililazwa siku nne. Maua ulileta wewe mwenyewe, umesahau?"

Duane akasema ana mteja mlangoni, akakata simu.

Verlin aliichukua simu taratibu. "Sasa unataka nini? Tumekula meza moja miaka arobaini na sita, leo kila mtu na mpango wake? Watu watasemaje?"

"Watasema bado napumua."

"Mwalimu, mwambie."

"Sichagui," nilisema. "Nimeonyesha."

Ardith alibonyeza ule mpango wa juu. Ukurasa uliofuata ulitaka namba ya kadi yake ya Medicare, na kadi hiyo ilikuwa kwenye pochi ya Verlin, pamoja na yake, kama kadi za kiwandani zilivyokuwa zamani. Ardith alimnyooshea mkono. Verlin aliigusa pochi juu ya nguo, lakini hakuitoa.

"Tutaongea nyumbani."

"Kesho wanafunga."

"Basi tutaongea mwakani."

Ardith aliurudisha mkono. Alivuta pumzi, ya kwanza ikakatika, akavuta ya pili. Kisha akaanza kuitaja namba, herufi na tarakimu zikifuatana, polepole, macho yakimtazama mumewe. Nami nikaandika. Namba zile zimepangwa bila mantiki yoyote, na sijawahi kumwona mtu aliyeikariri yake.

"Umeijulia wapi?" Verlin aliuliza.

"Hospitali. Kila ukinishusha mlangoni unakwenda kutafuta pa kuegesha gari. Anayeulizwa namba pale mapokezi, hata hewa hana, ni mimi."

Verlin akatoa pochi. Aliisoma kadi, akaangalia kioo, akaisoma tena. Hapakuwa na kosa. Ardith alibonyeza kitufe cha kuthibitisha kwa kidole chake mwenyewe, akangoja ujumbe wa kupokelewa. Ndipo akaichukua kadi kutoka vidoleni mwa mumewe, akaitia mkobani na kufunga zipu.

Alisimama, akavaa koti.

"Na mimi je?" Verlin aliuliza, bado ameketi. "Zangu hatuziangalii?"

"Wewe si una Duane?" alisema Ardith, akashika njia ya mlangoni, akisimama kila baada ya rafu mbili.

Verlin alimtazama mpaka alipofika mlangoni. Kisha akasogeza kiti karibu na kioo.