Ufukwe Ambao Haumo Kitabuni

"Na huko kwa Wagiriki, shoga yangu, nani alimuosha?"

Jirani yangu Bi Kibibi aliniuliza hivyo siku ya tatu ya msiba, sahani ya wali iko mapajani mwake. Hakukusudia ubaya. Alitaka kujua tu. Na mimi pia nilitaka kujua.

Mume wangu Mbaruku alikuwa mpishi wa meli. Upepo wa kaskazini ulimwangusha majini, na siku ya tatu bahari ikamtoa kwenye ufukwe mmoja wa kisiwa cha Ugiriki, watu wa pale wakamzika. Aliyetupigia simu hakujua ni ufukwe gani. Begi lake lilipoletwa Tanga, ndani yake mlikuwa na kijitabu cha fukwe bora za kisiwa hicho. Wifi yangu Mwanasiti, aliyewahi kufanya kazi hotelini, akanisomea. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Upepo wa kaskazini ukivuma, nenda upande wa kusini. Penye kokoto, vaa viatu. Fukwe zilikuwa kumi na moja, kila mmoja na picha yake. Nilizitazama picha zote kwa makini. Hazikuniambia kitu.

Sasa nina miezi mitatu ndani ya eda. Wifi analala chumba cha pili, ananikalia.

Usiku wa kuamkia leo, baada ya kusoma nyiradi zangu, niliota.

Niliota ni asubuhi. Wifi anaingia chumbani kwangu, amejitanda vizuri.

"Wifi, una wageni. Wamekuja kuposa."

"Anaposwa mwenye eda?"

"Nimewaambia. Wanasema hawakuja kuposa, wamekuja kuchaguliwa. Nikawaambia ni yale yale."

Nachungulia dirishani. Fukwe kumi na moja zimepanga foleni barazani, kila mmoja umekunja maji yake kwapani kama mkeka. Saa nne haijafika.

"Mimi sitoki," nikasema. "Na wanaume hawaingii."

"Fukwe ni wanaume?"

Hatukujua. Tukatundika pazia katikati ya chumba, kwa tahadhari.

Unaingia ule wa ukurasa wa kwanza, wenye mchanga wa dhahabu. Unavua viatu mlangoni, viatu elfu mbili, vyote vya mguu wa kushoto. Nyuma yake vinafuata vitanda vya kuotea jua, viwili viwili, kimya, kama watu wanaokwenda kwenye maulidi. Kimoja kinatandika taulo juu ya kitanda changu.

"Hapa pana mtu," taulo linasema.

"Mtu ndiye mimi. Nalala hapa mwaka wa thelathini na moja huu."

"Lakini leo hukuwahi."

Nikakaa chini. Wifi akamimina chai. Nyota tano za ule ufukwe zilikuwa zimedondokea ndani ya birika. Akazitoa kwa kijiko, moja moja, akaziweka kwenye kisahani zikauke.

"Nina swali moja tu," nikasema kutoka nyuma ya pazia. "Mume wangu alitolewa na bahari mwezi wa pili. Ulimpokea wewe?"

"Mwezi wa pili nilikuwa nimefungwa," ukajibu. "Msimu wangu unaanza wa tano."

"Umefungwa vipi? Maji yanafungwa?"

"Miamvuli inafungwa. Miamvuli ikifungwa, mimi sioni."

Wifi akaurudishia nyota zake ndani ya karatasi. Ukaondoka, lakini vitanda vikabaki, vinangoja kuambiwa.

Wa pili ulikuwa ule wa wenye watoto. Ulikuja na maji kidogo sana.

"Kwangu maji yanakoma magotini," ukasema. "Mtu mzima hazami kwangu. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Sikusema alizama kwako. Alifika ameshazama."

"Hilo halikuandikwa," ukasema, ukaaga kwa adabu.

Wa tatu ulikuwa maarufu kwa machweo. Ulisema jioni anayefika unamjua kwa jina, lakini mambo ya alfajiri haukuwa na habari nayo. Na nyingine zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Mmoja ulitaka kujua kama marehemu alipenda muziki.

Ulipotoka wa kumi na moja, wifi aliketi kando yangu.

"Chagua mmoja basi," akasema. "Tuseme ni ule wa dhahabu. Watu wakiuliza tuna la kusema. Bi Kibibi atakwenda huko kuhakikisha?"

"Siwezi kusema uongo nikiwa ndani ya eda."

"Ni kaka yangu, wifi! Unadhani mimi nalala?"

Sikudhani. Namsikia kila usiku nyuma ya ukuta, anageukageuka kitandani.

Hapo mlango ukafunguka, upepo wa kaskazini ukaingia na daftari. "Nani hapa hajakwenda kusini?" ukauliza.

Birika likasogea hadi ukuta wa kusini. Vitanda vikasogea. Wifi naye akasogea akiwa amekaa vile vile, kikombe mkononi, chai haikumwagika.

"Na wewe, mama."

"Kaskazini ndiko kibla chetu," nikasema. "Na saa ya dhuha imefika. Ningoje nisali."

Upepo ulingoja. Ulilishika pazia ili lisipepee mbele yangu. Nilipotoa salamu nikaugeukia.

"Wewe ndiye uliyemwangusha."

"Mimi navuma tu, mama. Sipewi orodha ya waliosimama ukingoni."

"Sikukuuliza sababu. Nakuuliza ulimpeleka wapi."

Upepo ulipekua daftari lake mbele, ukalipekua nyuma. Kisha ukasema, kwa sauti ya chini, "Kuna mmoja uko uani, karibu na kinu. Ulikuja pamoja na wenzake. Haumo kitabuni, kwa hiyo unaona haya kuingia."

Nikachungulia uani. Ulikuwa ufukwe mdogo, urefu wake kama kanga tatu zilizoshonwa pamoja, kokoto tupu, hauna mwamvuli wala mti. Mkononi umeshika ndara za mpira, kipimo changu.

"Penye kokoto, mtu avae viatu," ukasema. "Nilisikia ndiyo sheria."

"Nikivaa nitakuwa nimetoka nyumbani."

"Hutoki. Mimi naingia."

Nililipima neno hilo, nikaona halina kosa. Nikavaa. Ufukwe ukaingia kwa kuinama, na chini ya kabati langu mawimbi madogo yakaanza kupiga.

"Mume wangu unamjua?"

"Simjui jina. Ana alama ya kisu, chini ya kidole gumba."

"Cha mkono wa kulia," nikasema, nikiutega.

"Wa kushoto, mama."

Ni wa kushoto. Nilikuwapo siku aliyojikata.

Wifi alijivuta kutoka ukuta wa kusini akaja kusimama nyuma yangu. Akanishika bega.

"Nani alimuosha?" nikauliza.

"Mimi," ufukwe ukasema. "Alifika alfajiri, na hapakuwa na mtu. Nikamtia maji ya kwanza. Wimbi langu huanzia upande wa kulia, ndivyo nilivyoumbwa. Kisha nikamtia maji ya pili. Baadaye akaja mama mmoja mchunga mbuzi, akavua mtandio wake, akamfunika."

"Walimlaza vipi kaburini?" wifi akauliza.

"Chali, kama wanavyolazana wao. Lakini chini ni kwangu. Nilisogeza kokoto kidogo kidogo, siku arobaini, mpaka akalala ubavu wa kulia."

"Uso wake uko wapi?"

"Unatazama kusini, unapinda kidogo mashariki. Ndiko alikotaka kutazama, mimi nilimfuata yeye."

Nikahesabu vidoleni, kwa sababu sikusoma sana. Makka iko kusini kwake. Makka iko kaskazini kwangu. Basi tangu amelala pale, kila ninaposimama kusali tunaelekeana.

Sikulia. Niliuliza, "Na maji ya tatu?"

"Hayo sikuyatia. Niliona yana wenyewe."

Kitanda kimoja cha kuotea jua kikajisogeza katikati ya chumba. "Hapa pana mtu," taulo likasema, safari hii polepole. Na kweli palikuwa na mtu. Mbaruku amelala, mtandio wa yule mama juu yake, ndevu zake zimejaa chumvi.

Mke anaruhusiwa kumuosha mumewe, hilo nilifundishwa chuoni. Lakini maji ya mwisho hutiwa karafuu maiti, na sisi hatukuwa nayo.

Upepo ukakohoa. Ukaanza kutoa vitu mifukoni mwake: kofia za wageni, mwamvuli uliogeuka ndani nje, tiketi, shuka la mtu. Chini kabisa palikuwa na kipande cha karafuu maiti ndani ya gazeti.

"Nilikipokonya kwenye meza ya duka," ukasema. "Sikumbuki bandari gani. Chukueni. Nami nina deni la mtu huyu."

Wifi anamimina kwa kopo, mimi naosha. Kichwa, kisha kulia, kisha kushoto. Chumvi inatoka. Sote hatuna haraka. Fukwe kumi na moja zimerudi dirishani, zimeshika maji yao yasipige kelele.

"Maji baridi," Mbaruku akasema.

"Maiti hasemi, kaka," wifi akamwambia.

"Basi nanyamaza."

Akanyamaza. Nikampangusa kwa ncha ya kanga yangu, hata katikati ya vidole.

Upepo ukafungua daftari. "Sasa, mama, niandike upi ndio bora?"

Nikaunyooshea kidole ule mdogo. Ukarudi nyuma, kokoto zikagongana.

"Usiniandike," ukasema. "Wataleta viti. Atalala wapi?"

Nikauambia upepo uache mstari mtupu. Ukauacha mtupu, ukaupuliza ukauke.

Hapo ikaadhiniwa, nikaamka. Chumba ni kile kile. Hakuna pazia, chini ni sakafu ya saruji, kavu. Nikamshukuru Mungu, nikasema ni ndoto, nikanyoosha mikono nijifunike kichwa.

Vidole vyangu vilikuwa vimekunyata, kama vya mtu aliyekaa na mikono majini kwa saa nzima.

Wifi akaingia na ndoo ya maji ya kutawadha. Alikuwa amefumbata mikono ndani ya kanga, ndoo ameitundika kwenye kiwiko, jambo ambalo halifanyi.

"Umelalaje, wifi?"

"Salama. Nimeota tu."

Hakuniuliza nimeota nini. Alinitazama vidole. Akavishika, akainama, akanusa. Nami nikanusa. Manukato sijayagusa miezi mitatu, na hii haikuwa manukato. Ilikuwa karafuu maiti, kali, mpya. Nyumbani kwetu haikuingia hata chembe, kwa sababu hakukuingia maiti.

Mwanasiti akautoa mkono wake wa kulia ndani ya kanga. Ulikuwa umekunyata vile vile. Akaupeleka puani, macho yake yakiwa kwangu, akaushikilia hapo. Kisha akaitua ndoo chini taratibu, akajitanda vizuri, akafungua mlango wa mbele, akashika njia ya kwa Bi Kibibi, aliyeuliza nani alimuosha.