Mnofu wa Ndani

"Madam, hii kuku yetu haina kitu ndani," mwanafunzi Mwongeli alisema, akiwa ameinua ukingo wa nyama ya kidari kwa koleo.

Mwalimu Shufaa aliinama juu ya trei. Akatazama kuku wa pili, wa tatu, wa nne. Wote walikuwa wamenyonyolewa na kupasuliwa kwa ustadi, kazi ya mikono ya Muthama, aliyekuwa mtumishi wa maabara katika sekondari hiyo ya Kathonzweni kwa miaka kumi na tisa. Lakini chini ya kidari, mahali pa ule mnofu mwembamba, palikuwa na mfupa mtupu.

"Mnofu huo ndio unaoinua bawa," mwalimu alisema, sauti ikififia. "Kano yake inapita kwenye tundu la bega, kama kamba juu ya gurudumu la kisimani. Ndege wa kale kabisa hawakuwa na tundu hili. Mbawa zao zilikuwa kama mikono yenye manyoya tu. Labda... labda nilinunua kuku wabaya."

Mvulana mmoja alicheka. Wengine wakamfuata.

Muthama alikuwa kwenye sinki, akisugua kisu kilichokwisha takata. Asubuhi, alipokuwa akiwaandaa kuku, alimfikiria mkewe Syokau, ambaye tangu atoke hospitali hamezi ila kitu laini. Alidhani wanafunzi watatazama mifupa tu. Nani angeutafuta mnofu mdogo hivyo?

Sasa masikio yalimwaka. Akinyamaza, kicheko kitabaki kwa mwalimu.

"Ni mimi, madam," alisema. "Niliitoa hiyo minofu. Nilitaka kupelekea bibi yangu."

Darasa lote likamgeukia. Muthama alifungua kabati, akatoa kopo, akaliweka mezani. Ndani mlikuwa na minofu minane, miwili ya kila kuku, imepangwa vizuri juu ya jani la mgomba.

Shufaa hakumkemea. Aliuchukua mmoja, akaona kano imekatwa. Akaomba uzi. Aliufunga kwenye mfupa wa bawa, akaupitisha katika tundu la bega, kisha akaufunga kwenye mnofu.

"Vuta wewe, mzee. Wewe ndiye unajua mnofu ulikaa wapi."

Muthama alivuta. Bawa likapanda polepole, likafunguka. Wanafunzi walisogea, macho yote kwenye bawa.

Hakuachilia. Aliendelea kuvuta, kwa maana bawa likishuka wangemtazama yeye.