Pua ya Muuza Nyama

Jamani, hakuna mtu mgumu kama muuza nyama aliyezaa mtoto asiyekula nyama. Huyu baba alikuwa na bucha miaka thelathini. Binti yake, mshona mapazia, aliacha nyama miaka mitatu iliyopita, bila ugonjwa wala nadhiri. Moyo wake ulikataa tu. Mzee akaona ametukanwa mchana kweupe. Siku moja akamtilia supu ya mifupa kwenye mboga zake, kisirisiri, halafu akamcheka mezani mbele ya mashangazi. Binti akasimama.

"Baba, ukinifanyia hivi tena, mimi na wewe hatutakula meza moja mpaka tunaingia kaburini."

Akaondoka, na tangu siku hiyo hawakuwahi kula pamoja.

Juzi mzee akapiga simu. "Mama, kuna mkahawa wa baga umefunguliwa hapa karibu na bucha. Nimeambiwa wana ya maharage. Twende, mimi na wewe tu." Binti alikubali, lakini alikwenda roho mkononi.

Wote wawili walikuwa hawajawahi kuingia mahali kama pale. Viti vyenyewe virefu, utadhani vya kubadilishia balbu. Mzee alikipanda chake kwa mahesabu, miguu ikabaki inaning'inia. Akaagiza baga ya nyama. Binti akaagiza ya maharage.

"Hiyo haina nyama kabisa?" binti akamuuliza mhudumu.

"Hata chembe, dada," mhudumu akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Vyakula vikaja. Binti alikuwa na njaa, na ule mkate ulikuwa laini, nyanya zinateleza pembeni. Akaishika baga kwa mikono miwili. Ndipo akaona baba yake anamkazia macho. Mzee ameshapanga mambo na watu wa jikoni, akajisemea. Lakini angeikataaje bila kumwita baba yake mwongo? Akaipeleka mdomoni.

"Ngoja!" Mzee akamshika mkono. Akainama, akanusa. Akanusa tena upande wa chini. "Usile. Imekaangwa kwenye mafuta ya ng'ombe. Ya kidari haya, hayanipotei."

Binti akairudisha baga sahanini, haamini. Maana mzee angeweza kunyamaza tu! Angemtazama akila, akaenda zake kucheka nyumbani, na hakuna ambaye angejua.

Mzee alikuwa ameshashuka kitini, yuko kwenye dirisha la jikoni, na sauti yake ileile ya bucha.

"Mpishi, huna kikaango kingine?"

"Aa, mzee, ni mafuta kidogo tu, wala hayaonekani."

"Sikukuuliza kama yanaonekana. Binti yangu hali nyama."

Watu wakageuka. Siku zote, mtu akimuuliza kwa nini binti yake hali nyama, mzee alikuwa anasema daktari ndiye aliyemkataza. Binti akainamisha kichwa, machozi yakamtoka, na wala hakuona haya.

Mzee hakubanduka pale dirishani mpaka kikaango kilipooshwa, kikapanguswa, kikatiwa mafuta ya alizeti mbele ya macho yake. Kisha akarudi, akakipanda kiti kwa shida.

"Baba, kula basi. Yako inapoa."

"Iache ipoe," mzee akasema, akaisogeza sahani kando. "Nakusubiri wewe."