Kitunguu na Ganda Lake

Mpishi wa shule alianza kusikia harufu ya maharage yaliyoungua siku ya kwanza tu ya safari, asubuhi, chumbani kwenye nyumba ya wageni, akiwa bado anatafuta kandambili zake chini ya kitanda. Akashuka mbiombio mpaka jikoni, kanga kiunoni. Jiko lilikuwa baridi. Mhudumu alikuwa anakata mkate.

"Hakuna kinachoungua, mama," alisema.

Mtunza stoo, mwenzake wa kazini na sasa wa safarini, alicheka mpaka akakohoa. "Shoga, hiyo pua imestaafu kabla yako."

Walikuwa wamekuja ugenini kwa semina ya wapishi wa shule, siku tatu za kufundishwa na watu ambao hawajawahi kuinua sufuria ya wanafunzi mia sita. Mtunza stoo alikuja kutembea, wala hakuficha. Mpishi alikuwa na lake. Dada yake mkubwa aliondoka nyumbani miaka ishirini na miwili iliyopita, hakupiga simu hata mara moja. Neno pekee lililowahi kuwafikia ni kwamba kuna mtu alimwona katika nchi hii, ambako watu wanasema lugha ileile kwa kuivuta mwishoni. Mpishi alitaka kumpata ili amwambie jambo moja tu, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni miaka yote hiyo.

Kwa siku tatu aliulizia kila alipopita, na kila alipouliza watu walitikisa kichwa. Harufu ile nayo haikumwacha. Ilimfuata mpaka kwenye ukumbi wa semina, ikakaa naye kiti cha jirani.

Siku ya mwisho walimaliza mapema, na mtunza stoo akamburuta kwenye tamasha alilosikia habari zake. Mtaa mzima ulikuwa umefungwa magari yasipite. Mbele ya kila mlango palikuwa na meza, juu ya meza chungu kimoja, na pembeni stuli iliyopinduliwa miguu juu. Msichana mmoja aliwavika vijiko vya mbao vyenye uzi shingoni, akawaeleza huku akigawa vingine.

"Kila chungu ni cha marehemu aliyefia mtaa huu bila ndugu. Jirani yake anapika kile alichopenda kupika, na makosa yake yote. Nyinyi kazi yenu ni kuonja na kuponda. Kwa sauti."

"Kuponda chakula cha marehemu?" mtunza stoo aliuliza, macho yakimng'aa.

"Ukimsifu ataridhika, atalala. Ukimponda atakuja kujitetea."

"Na wanakuja?"

"Wengine," msichana alisema, akamvika kijiko aliyefuata.

Basi mtunza stoo alikuwa amefika kwao. Mdomo wake, ambao kazini umewatoa machozi wazabuni watatu, sasa ulikuwa unapigiwa makofi. Wali wa mlango wa kwanza ulifaa kuzibia nyufa. Mchuzi wa mlango wa nne ulikuwa umepikwa na mtu aliyegombana na chumvi. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini kila kicheko kilipokwisha, wote walinyamaza kwa pamoja na kuitazama ile stuli, wakisikiliza, na hapo hata watoto hawakupiga kelele. Mpishi hakuupenda ukimya ule. Ilikuwa mchana kweupe, jua la utosini, naye alikuwa anasikia baridi mgongoni.

Harufu ikazidi. Safari hii aliifuata. Ilimpitisha mlango baada ya mlango mpaka nyumba ya mwisho, kwa fundi cherehani, mama mtu mzima aliyevaa utepe wa kupimia shingoni. Chungu chake kilikuwa cha maharage, yameiva vizuri, hayajaungua hata kidogo. Katikati yake kilielea kitunguu kizima, hakijamenywa, na ganda lake.

Mpishi alikijua kitunguu kile.

Alikuwa na miaka tisa siku aliyoachiwa chungu akilinde, akaenda kucheza, maharage yakashika chini. Dada alikimbilia kitunguu, hata kukimenya hakuwahi, akakitumbukiza kinyonye moshi. Mama hakugundua. Tangu siku hiyo dada aliweka kitunguu kizima kila alipopika maharage, yaungue yasiungue, ili siku mdogo wake akiunguza tena mama asishangae. Walikuwa watoto wa namna hiyo, hata sauti zao zilifanana, mama akiita huyu anaitikiwa na yule.

Halafu ikaja siku ya posa ya dada. Shangazi wa bwana harusi mtarajiwa alikiinua kile kitunguu kwa kijiko mbele ya wageni wote, akasema, huyu hata kumenya kitunguu hajui. Watu wakacheka. Dada alimtazama mdogo wake, mtu pekee aliyejua. Na mdogo mtu, kwa aibu na woga, akacheka nao. Posa ikavunjika. Mwezi haukuisha, dada hayupo.

"Alikuwa mpangaji wangu chumba cha uani," fundi alikuwa anawaeleza watu. "Alinisaidia kushona vifungo. Kifua kilimchukua, mwaka wa tisa huu. Kwao hakupataja. Nilimuuliza kuhusu hicho kitunguu mpaka nikachoka. Alinijibu hiyo siri si yake."

Mtunza stoo, asiyejua hili wala lile, alishachota.

"Jamani!" akapaza sauti. "Huyu hata kumenya kitunguu hajui!"

Kicheko kikalipuka. Kisha wote wakanyamaza, wakaigeukia stuli.

"Anajua kumenya."

Sauti ilikuwa kavu, imetoka chini kifuani, na mpishi alichelewa kutambua kwamba midomo iliyosogea ilikuwa yake.

"Maharage yaliungua. Niliyaunguza mimi. Alinifichia, hakuwahi kunisema, na siku walipomcheka mimi nilikuwepo, nikacheka."

Utepe wa fundi ulidondoka chini, hakuuokota.

"Sema tena," alinong'ona.

"Anajua kumenya. Ni dada yangu."

Fundi akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwaka wa tisa napika. Wanamponda wageni, namponda mimi mwenyewe hapa peke yangu, haji. Leo amekuja. Hiyo ndiyo sauti yake, mama, hiyohiyo."

Mtunza stoo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, pengine kwa mara ya kwanza maishani mwake. Fundi aliigeuza stuli, akaisimamisha kwa miguu yake, akampangusia vumbi na kumwonyesha akae.

Mpishi akakaa. Ile stuli, iliyoshinda miguu juu tangu asubuhi, ilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akavuta pumzi kutafuta ule moshi, akavuta tena. Haukuwepo, na hapo ndipo alipoanza kulia.