Nishani ya Furu FC

Adoyo alikuwa akianika glavu zake juu ya jiwe, nyuma ya nyumba yao ya Ilemela, nyota ilipomaliza kuota begani mwake. Iliota palipokuwa na kovu la chanjo, ya dhahabu, kubwa kama kizibo cha soda. Mama yake, Bernadeta, aliacha kuchambua dagaa akaigusa.

"Inauma?"

"Inawasha tu, mama."

"Basi usiikune."

Wenzake nao nyota ziliwaota begani wiki hiyohiyo. Hao ndio wanawake wa Furu FC, waliobeba Kombe la Mabingwa wa bara, kisha Kombe la Washindi, huku wakifua jezi zao wenyewe kwenye masinki ya hoteli. Klabu inayotwaa makombe yote mawili hupewa nishani ya kushonwa begani. Adoyo, ambaye goti lake lilikuwa limechoka, alitaka kitu kimoja tu: kudaka mechi yake ya mwisho akiwa ameivaa.

Nishani zilipofika, mwenyekiti Luhaga alizishonesha kwenye jezi za timu ya wanaume ya klabu, ambayo haijawahi kucheza nje ya nchi.

"Shikamoo mwenyekiti. Na sisi?" Adoyo aliuliza.

"Marahaba. Klabu si moja, binti yangu? Wakivaa kaka zenu, mmevaa ninyi."

"Basi tuvae sisi, wawe wamevaa wao," Winnie, beki wake, aliingilia.

Watu walicheka. Luhaga pia alicheka. Nishani zikabaki kulekule.

Mechi ya mwisho ilichezwa jioni. Kipindi cha pili umeme ulikatika. Nyota za wanawake ziliwaka kupitia jezi, wadudu wa ziwani wakazizunguka kama wanavyozunguka taa za wavuvi, na mwamuzi akaendelea kuchezesha. Wageni walipata penalti. Adoyo aliruka kulia, mwanga ukachora mstari nyuma yake, akaukumbatia mpira. Jukwaa zima lilisimama.

"Huyo ndiye kipa!" mzee mmoja wa upande wa wageni alipiga kelele. "Huyo tumwachie mpira wake!"

Baada ya filimbi, wanaume walishuka uwanjani kupigwa picha ya nishani. Giza lilikuwa limeshaingia na umeme ulikuwa haujarudi. Luhaga aliwaita wanawake.

"Sogeeni hapa pembeni, binti zangu, mtumulikie."

Walisogea. Picha ilitoka safi sana. Kila nishani inasomeka, na ukingoni, upande wa kushoto, limeingia bega la Adoyo, linawaka.