Cherehani Haikusimama

Mdogo mtu aliipokea kazi ya kumalizia vitabu vya marehemu kaka yake kama unavyopokea kifurushi cha jirani ambaye hayupo: ukikishika, umekishika kwa kuwa wewe ndiye uliyefungua mlango.

Vitabu vilikuwa sita, na kaka mtu alivitoa kwa miaka ishirini na sita huku akifanya kazi ya ukarani wa ghala. Vilihusu chombo cha angani kiitwacho Mbayuwayu na watu saba waliokuwa ndani yake: nahodha, fundi, mpishi, daktari, mwanamke wa ramani na mapacha wawili ambao hakuna aliyejua wanafanya kazi gani mle. Watu walivipenda mpaka basi. Wapo walioweka jina la chombo hicho kwenye vioski vyao, na wapo walioachana kwa kubishana kuhusu mapacha. Kitabu cha sita kiliishia pale nahodha anapogundua kwamba hewa iliyobaki ni ya siku kumi na tisa. Kisha mwandishi akaanguka bafuni asubuhi ya Jumanne, na ikawa ndiyo basi.

Kwenye droo yake kulikuwa na karatasi moja imekunjwa. "Mdogo wangu, umalizie wewe. Usiwaache kule juu."

Huyo mdogo wake alikuwa fundi wa pampu za maji. Shule aliionja huku na kule, darasa moja mji huu, darasa jingine mji ule, kisha akashika spana na hakutulia tena. Kwa miaka thelathini alizunguka na sanduku la vifaa, visima na visima, akija nyumbani kwa nadra kama mpiga kura. Mazishi yenyewe aliyakuta yamepita siku tatu. Aliketi kwenye mkeka, watu wakamtazama wakisubiri machozi, naye akasubiri pamoja nao. Hayakuja. Ndani yake palikuwa kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unajua ni wako, unauona, lakini ukiubana hausemi kitu.

Wiki ya pili akaja mhariri kutoka kwa wachapishaji, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Shemeji yake, mjane wa marehemu, alihamisha rundo la ovaroli kwenye kiti ili mgeni apate pa kukaa. Mjane alikuwa mshonaji. Nyumba nzima ilikuwa ovaroli za kiwandani, za bluu, arobaini kwa wiki.

"Mzee, sitakuzunguka," mhariri alisema. "Marehemu ameacha neno, na mkataba wake unalitambua. Ukituletea sura tatu za kwanza kufikia mwisho wa mwezi, kitabu ni chako na tunachapa utakachoandika. Ukishindwa, kuna vijana watatu wameshatuletea mpango wao."

"Mpango gani?"

"Vitabu kumi na viwili."

"Na hicho cha kumi na mbili, wanashuka?"

Mhariri akacheka mpaka miwani ya kichwani ikamshukia. "Wakishuka si biashara imekwisha, mzee wangu!"

Mdogo mtu hakucheka. Hakukasirika pia. Alifikiria tu watu saba wanaozunguka huko, kitabu baada ya kitabu, mpaka wajukuu wa mhariri wazeeke. "Mwisho wa mwezi," akasema.

Sasa, kaka mtu alikuwa na utaratibu wake, na mtaa mzima uliujua. Kila alichoandika alimsomea mkewe huku mkewe akishona. Cherehani ikisimama, ukurasa unabaki, anautia alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Cherehani ikiendelea kulia mpaka mwisho, anachana. Hata redioni aliwahi kusema: mhariri wangu wa kweli yuko kwenye kanyagio. Kwa hiyo mdogo mtu naye akaona ndiyo njia. Akaandika siku nne, akachukua kigoda, akaketi pale pale alipokuwa akiketi mwenzake, na kalamu ile ile nyekundu sikioni.

"Naanza, shemeji."

"Anza tu. Mimi nipo."

Akasoma. Katika sura hiyo, fundi wa Mbayuwayu anafungua mtambo wa hewa, anatoa chujio, anakuta gasketi imepasuka, anakata nyingine kutoka kwenye soli ya kiatu cha mpishi, anafunga boliti nane kwa kupishanisha, na hewa inarudi. Kila neno lilikuwa sahihi. Pampu yoyote duniani ingepona kwa sura ile. Na cherehani ikalia tu, mshono wa mguu, mshono wa pili, pindo.

Mara ikasimama. Akainua macho, mkono ukipanda sikioni kuchukua kalamu.

"Bobini, shemeji," mjane alisema. "Uzi umeisha. Endelea."

Akamaliza. Akachana.

Safari ya pili aliona labda kosa ni lugha, akaazima maneno ya kaka yake: nyota zinatiririka, ukimya una meno. Aliyasoma kwa sauti ya mtu anayevaa koti lisilo lake, mikono ikimeza vidole. Mjane akashona kola sita. Safari ya tatu akatia jitu. Kaka mtu alipenda majitu, lakini hili la kwake lilikuja, likaeleza limetoka wapi na linataka nini, likaaga. Cherehani ndiyo kwanza ikaongeza mwendo.

"Hili jitu lina adabu," mjane alisema.

"Unanicheka."

"Sikucheki. Lina adabu kuliko watu wanaokuja hapa kuchukua ovaroli."

Ikabaki wiki moja. Kapu la karatasi zilizochanwa lilijaa, mjane akawa anazitumia kujazia mabega ya makoti. Mdogo mtu aliamka, akanywa chai, akaandika, akasoma, akachana, kama mtu anayepiga pampu ya kisima kikavu kwa kuwa ameajiriwa kupiga. Alijua lile neno la kwenye droo, usiwaache kule juu, lakini alilijua kwa kichwa. Hata hofu ya wale vijana watatu na vitabu vyao kumi na viwili aliiona kwa mbali.

Siku moja mchana alisoma kurasa mbili tu, akazikunja.

"Nimeshindwa, shemeji. Nitampigia mhariri. Mashine yako hainitaki."

"Mashine yangu imekukosea nini?"

"Haisimami. Ya kaka ilisimama."

Mjane alikuwa ameshika pini tatu kwa midomo. Akazitoa moja moja, akazichoma kwenye mto wake mdogo, akaitazama sindano.

"Nikuambie kitu ambacho sikumwambia yeye?"

"Niambie."

"Nilikuwa nasimama nikiwa sijaelewa."

Mdogo mtu akabaki na kurasa mkononi.

"Anasoma, anasoma, nikipotea naacha kukanyaga ili nimuulize. Mume wangu, hapa vipi? Kabla sijafungua mdomo, yeye keshatia vema, uso wote meno. Anasema, umeona eh! Ungekuwa wewe, ungemuuliza tena? Mwaka wa kwanza nilijaribu. Alinibusu kichwani akaenda kuandika. Nikaacha."

"Miaka ishirini na sita?"

"Miaka ishirini na sita. Ndiyo maana vitabu vile havieleweki, shemeji. Kurasa zilizoeleweka zote alizichana." Akaipapasa ovaroli kuitoa mikunjo. "Wewe unaeleweka. Boliti nane, nimeziona zote nane. Nitasimama kwa lipi?"

Wengine wangecheka. Yeye alihisi kitu kama kicheko kikipita chumba cha pili, kikafunga mlango. Watu waliotalikiana kwa ajili ya mapacha!

"Kwa hiyo maswali unayo," alisema baadaye.

"Ninayo. Mengi nimesahau. Moja ninalo tangu kitabu cha pili."

"Lipi?"

"Mafuta wanayo. Pale kwenye ule mwezi mwekundu walijaza tangi, imeandikwa. Njia wanaijua, yule dada wa ramani anaichora kila kitabu. Injini nzima. Sasa kwa nini hawarudi nyumbani?"

Mdogo mtu alitaka kumjibu pale pale, kwa kuwa mambo ya injini ndiyo mambo yake. Kaka yake alikuwa akimwandikia barua kumuuliza: pampu ikivuta hewa inalia vipi, vali ikikwama unaijuaje. Naye alimjibu nyuma ya risiti za vipuri. Barua moja aliikumbuka vizuri. "Injini imekaa miaka kumi bila kuwashwa," kaka mtu aliuliza, "itakubali?" Naye akaandika: "Itakubali. Badilisha gasketi tu." Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye aliyeipitisha.

Akaenda rafuni akavishusha vitabu vyote sita, akakaa navyo mpaka saa kumi na moja jioni akitafuta hitilafu. Kila kitu kiliharibika mle: taa, milango, mtambo wa maji, moyo wa daktari. Injini ya kurudia haikuguswa hata mara moja. Kaka yake, aliyejua kuharibu kila kitu, ile hakuitia hata kutu.

"Hakuna kilichowazuia," alisema.

Mjane alikuwa amerudisha pini mdomoni. Aliongea kwa pembeni ya midomo, bila kuacha kushona. "Na wewe?"

"Mimi nini?"

"Wewe kilikuzuia nini? Nauli?"

"Hapana."

"Kazi?"

"Kazi zilikuwa zinaisha. Pampu inapona, unaondoka."

"Alikuwa anaandaa chumba kila unaposema unakuja. Mimi ndiye niliyekuwa natandika." Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama anayetaja vipimo vya kiuno.

Mdogo mtu akalitafuta jibu kama unavyotafuta spana chini ya sanduku, ukipapasa tu. Hakugombana na mtu. Hakufungwa. Hakuwa na mke wa siri wala deni la kumkimbiza. Alipapasa mpaka chini, na chini palikuwa bati tupu.

Kesho yake asubuhi akakaa mezani akaandika bila kuinua kalamu, na keshokutwa vivyo hivyo. Siku ya nne akachukua kigoda.

"Sura tatu," alisema. "Ya tatu wameshashuka. Mhariri atatoa macho."

"Soma."

Akasoma ya kwanza, ya hewa. Akasoma ya pili, ambapo nahodha anamwuliza fundi, wewe unaijua injini, kwa nini hatukurudi? Na fundi anajibu: sijui, nahodha. Niliamka siku moja nikaona ni mbali, nikalala, nikaamka tena. Wanaiwasha. Inawaka mara ya kwanza. Hakuna anayeshangilia; mpishi anaendelea kukwangua sufuria.

Cherehani ililia muda wote.

Ya tatu ilikuwa fupi. Mbayuwayu inatua kwenye kiwanja cha mpira. Watu wanawakumbatia mapacha. Fundi anachukua sanduku lake anatembea mitaa minne mpaka kwenye nyumba anayoijua, na anabisha hodi. Mwanamke anafungua. Anamtazama kuanzia viatu. "Alikungoja mpaka Jumanne," anasema.

Kanyagio likasimama.

Mkono wa mdogo mtu ulipanda wenyewe sikioni. Akaitazama bobini: imejaa. Akaishusha kalamu, akaiweka sakafuni karibu na mguu wa kigoda.

"Uliza," alisema.

Mjane akauondoa mguu kwenye kanyagio. Pengine hakuwa ameamini kwamba siku hiyo itafika.

"Huyo mwanamke wa mlangoni. Amekasirika au hajakasirika?"

"Sijui, shemeji. Nimekaa hapo siku nzima. Sijui."

Mjane akaangalia mlango wa nyumba yake, ule wa mbao wenye kitasa kilicholegea, kama vile mtu angeweza kuwa amesimama pale.

"Andika alikuwa na pini mdomoni," alisema. "Hawezi kusema lolote zaidi."

Mdogo mtu akaokota kalamu, akaandika.

"Halafu?"

"Halafu anazitoa. Moja moja. Mgeni asubiri."

"Asubiri nje?"

Mjane akafikiri. Akalisogeza rundo la ovaroli kutoka kwenye kiti, akaliweka chini.

"Ndani," alisema, na akakanyaga.